Mke Mwenzangu Ameshika Santuri Zako

Osmundi, mume wangu mdogo,

Wewe ni mume wa namna gani? Tangu tukuzike kahawa imechanua, imeiva, imechumwa, na sasa inachanua tena, na mimi hujanijia hata mara moja. Kwa baba yako mkubwa Severini unakwenda. Kila mara ananiambia, "Mama, jana nimemwota Osmundi, kavaa lile shati lake la maua." Kwa Mzee Shabani wa dukani umekwenda, ukakaa juu ya mfuko wa chumvi ukanywa soda, ameniapia. Mtu ambaye hata si ndugu yako! Na mimi bibi yako niliyekulea, niliyekubeba mgongoni nikipalilia, unanipita kama jiwe la njiani. Nimelala mapema, nimelala nimeshiba, nimelala na njaa, nimehamisha hata kitanda. Wapi. Basi kama wewe huji, maneno nakuletea mimi.

Anayeandika ni Edita, mkeo, mke mwenzangu. Mimi kalamu siijui, unajua. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, hata nikimsema yeye mwenyewe, na asilie juu ya karatasi. Kashalia mara moja. Tumebadilisha karatasi.

Nakumbuka uliporudi kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa zama zile za ruksa, vitu vimerudi madukani, sabuni, betri, mashati ya mitumba, na wanunuzi wa kahawa wanakuja na magari yao wenyewe, chama cha ushirika kinawatazama tu. Kijana akitoka Dar alikuja na cherehani au baiskeli. Wewe ulishuka na mashine mbili za santuri umezifunga blanketi kama watoto mapacha, na sanduku ambalo utingo hukumruhusu aliguse. Nikasema huyu mtoto karogwa. Mashine mbili za nini, na masikio ya mtu ni yale yale?

Ukaniomba ghala la babu yako, pale nyuma ya nyumba. Lilikuwa halina kitu, harufu ya kahawa tu na magunia machache kule mwisho. Ukapaka chokaa, ukafunga taa nyekundu na za bluu, jenereta ukaiweka nyuma ya choo. Watu wa Mbinga walitegemea bolingo kama kwenye baa za stendi. Wewe ukawawekea ule muziki wako. Du, du, du, du. Hakuna gitaa la kulialia, hakuna hadithi ya mwanamke aliyekimbia na mwanamume mwingine. Mama mmoja anapaza sauti kama yuko kwaya, anasema neno moja, analirudia, analirudia tena, kinanda kinamjibu, na ngoma huko chini haichoki. Nikakuuliza, huu wimbo unaisha lini? Ukasema, "Bibi, hauishi. Ukikaribia kuisha naingiza mwingine ndani yake, mtu asipate pa kusimamia."

Hapo ndipo nikaelewa mashine mbili. Hiyo ni kutwanga. Wanawake wawili, kinu kimoja: mwenzako anachoka, unaingiza mchi wako katikati ya mapigo yake, yeye anatoka, na unga haujui kama mtu amebadilika. Ukacheka, ukasema hayo uliyajua tangu uko mgongoni kwangu. Mwongo mkubwa wewe. Lakini nilifurahi wiki nzima.

Ulisema jina lake hausi, maana yake nyumba, kwa kuwa ulianzia kwenye nyumba moja huko Marekani, watu weusi waliokataliwa kwingine wakakusanyika humo wakacheza mpaka asubuhi. Nikakuuliza, nyumba hiyo ilikuwa na bibi mlangoni? Ukasema hujui. Nikasema haikuwa naye, ndiyo maana walicheza mpaka asubuhi.

Ulinicheka. Lakini Jumapili ya pili ukaniita mwenyewe. Walevi walikuwa wamempiga baunsa wako, yule kijana mnene wa Mpepai, wakamng'oa vifungo vya shati na jino juu yake. Ukaleta kigoda ukasema, "Bibi, kaa hapa mlangoni. Usifanye kitu. Wewe kaa tu." Nikakaa. Na kweli, nani atamsukuma bibi kizee? Kila aliyefika ilibidi asimame, akunje goti. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wewe wa nani?" Akishamtaja baba yake, na mama yake, na kilima wanachokaa, pombe imeshamtoka nusu. Edita alipokea viingilio, mimi nikapokea shikamoo. Yule mtoto wa Kandidus alikuja na miwani nyeusi, na jua lenyewe limeshazama. Nikamwambia, "Vua hiyo nikuone macho. Si wewe uliyemkimbia beberu wa katekista mpaka ukapanda juu ya bati?" Msichana aliyekuja naye alicheka mpaka akakaa chini. Wameoana hao.

Waliogombana sikuwafukuza. Niliwakalisha kando yangu, mmoja kulia, mmoja kushoto, nikawauliza habari za mama zao mpaka waone aibu. Wazazi wakaanza kusema, ikiwa Mama Severini yuko mlangoni, mwache binti aende. Hata padri alikuja siku moja, amekunja uso, kuuliza ni fujo gani hii Jumapili ya Bwana. Nikamwambia ingia usikilize kwanza ndipo ugombe. Akasimama kizingitini, yule mama wa santuri anarudia neno lake. Akasikiliza muda mrefu. Akasema, "Huyu anasali." Akaenda zake, akatuomba tu tusigonganishe disko na rozari.

Mimi ni mtu wa ziwani, niliolewa huku milimani nikiwa mdogo, nikaacha ngoma yangu ya kioda kule chini. Wamatengo hawa walinicheka hatua zangu ndogo ndogo mpaka nikaziacha. Pale mlangoni, miguu ikizikumbuka chini ya kanga, hakuna aliyeniona. Wewe uliniona. Ulirefusha tu ule wimbo.

Halafu Pasaka ile wakakuita Mbamba Bay.

Santuri hukuzipeleka. Ulichukua kaseti, ukasema mteremko ule na mashimo yake utazivunja santuri. Hukusema utakuvunja wewe. Pikapu iliacha njia kwenye kona, na waliotuletea habari walisimama uani wanatazama miguu yao, na mimi nikawa nawauliza kama wamekula. Nikawapikia. Nilijua, lakini niliona wakishasema haitarudi tena kuwa haijasemwa.

Desturi yetu unaijua. Nyumba yenye msiba haipigi ngoma, na mjane anafungwa kitambaa cheusi kichwani mpaka mama mkubwa wa nyumba amfungue. Yaani mimi. Mwaka ukatimia. Misa ikasomwa, pombe ikapikwa, watu wakanyoa, wote wakanitazama. Nikasema bado. Kahawa ikaanza kuiva, nikasema bado. Majirani wakanong'ona kwamba namwonea mjane. Severini yeye alikuwa na lake. Mnunuzi mmoja wa kahawa anatafuta ghala. Akawa ananiambia, "Mama, mfungue Edita arudi kwao Lituhi, mashine tuziuze, ghala lirudi kuwa ghala."

Basi nikakaa katikati. Nikimfungua, Severini anamrudisha kwao na wewe unauzwa vipande vipande. Nisipomfungua, nyumba inakaa bubu. Lakini nikuambie kilichonishika hasa, na Edita asikie huku anaandika. Kitambaa kikifunguka, ngoma itapigwa. Ikipigwa, atapiga mtu mwingine. Na mtu mwingine akisimama pale kwenye mashine, basi wewe umekufa kweli. Nilikuwa nakushika kwa kile kitambaa.

Siku moja mchana natoka kisimani, nikasikia ghalani kitu kinalia kama nzi ndani ya chupa. Nikachungulia. Mke mwenzangu amekaa sakafuni. Jenereta haijawashwa tangu ufe, hakuna umeme, hakuna spika. Ameweka santuri juu ya mashine anaizungusha kwa kidole, polepole, sikio amelilaza karibu na sindano. Na yule mama wa kwaya alikuwa anaimba mle, mdogo kama sisimizi. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa juu ya mashine ya pili, kinangoja. Midomo inahesabu.

Nikarudi nyuma kimya kimya, na mimi si mtu wa kimya. Hakuvunja mwiko, ngoma hakuipiga. Aliisikia tu. Sasa hivi kaacha kuandika ananikodolea macho, kumbe hakujua kwamba nilimwona. Andika, mwanamke.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikatoa kigoda nikakaa mlangoni pa ghala kuchambua maharage. Sikuwa na nia yoyote. Ndipo nilipozoea kukaa, matako yalikwenda yenyewe. Lakini watoto walikuwa wanatoka kanisani, wakaniona. Bibi yuko mlangoni, basi disko lipo! Habari ikakimbia kilima kwa kilima. Wa kwanza akaja, kachana nywele, kapaka mafuta. "Shikamoo bibi." Nikaitika, nikamuuliza wewe wa nani, akapita. Wa pili akaja. Mdomo nao una mazoea yake, Osmundi. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye ungo, ghala limejaa. Wamesimama wote mle ndani wamevaa nguo nzuri, wamezielekea mashine zako. Hakuna aliyeuliza muziki uko wapi. Wengine walikuwa wanakuja toka watoto, nimewaona wakiota ndevu pale pale. Nikataka kusema, nendeni nyumbani, bibi yenu amezeeka amekosea. Kinywani ikatoka marahaba.

Na wakati huo huo nani anafika? Severini, na mnunuzi wake wa kahawa, kuja kupima ghala. Yule mnunuzi akaniona, akasimama, akakunja goti. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wewe wa nani?" Kumbe mtoto wa Lituhi, mama yake tulicheza kioda pamoja. Akapita, akaingia akasimama na wenzake. Severini akabaki peke yake nje, mishipa imemtoka. "Mama, nani kawaita watu hawa?" Nikamwambia, mimi nimekaa tu.

Nikamwita Edita. Akaja, akapiga magoti mbele yangu. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho la miezi yote ile, na vidole vyangu unavijua. Nikalivuta kwa meno yangu haya yaliyobaki. Likafunguka. Nywele zake zilikuwa zimelala kama majani yaliyokaa chini ya mkeka. Nikazipapasa. Nikamwambia, ingia ndani wanakusubiri.

Severini akasema, "Mama! Mjane apige disko? Watu watasema nini?"

Nikamwambia, watasema shikamoo.

Mzee Shabani mwenyewe ndiye aliyeleta petroli kwenye kidumu, wala hakutumwa na mtu. Jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakohoa, ikashika. Wimbo wa kwanza ukalia mzima, watu wakapiga vigelegele, wengine wanalia na wanacheza. Mimi nimekaa nimewapa mgongo, macho njiani, nangoja wimbo wa pili. Mke mwenzangu akauingiza vibaya! Mchi ukagonga mchi, kelele kama vyombo vinavyoanguka kabatini. Watu wakazomea, wakacheka. Naye akacheka, nilimsikia, sikuwa nimemsikia akicheka tangu Pasaka ile. Akajaribu tena. Wa tatu ukaingia ndani ya wa pili, na mimi niliyekuwa nauvizia nikashindwa kusema umeingia saa ngapi.

Hapo ndipo nilipojua umekufa, mume wangu. Nililia pale pale mlangoni, na waliochelewa wakawa wanafika, wananiamkia hivyo hivyo ninavyolia, na mimi naitika marahaba, wewe wa nani, marahaba, wewe wa nani.

Edita hakwenda Lituhi. Kahawa ya yule mnunuzi imepata ghala lingine kule stendi, na Jumapili yeye haji kununua kitu, anakuja kucheza. Severini alininunia, sasa ameanza kuja. Anasimama nje, anasema analinda jenereta isiibwe. Kichwa kinamtikisika.

Sasa nakuaga, maana wakati ule hatukuagana, ulipita uani ukipiga honi tu na mimi nilikuwa nimeshika kuku. Lala, Osmundi. Miguu yangu ikinibeba nitakaa mlangoni, na isiponibeba nitawaambia wanibebe na kigoda. Huyu mwanamke hatatolewa kwenye hii nyumba nikiwa hai. Akipata mwanamume mwingine, huyo naye ataniamkia kwanza nimuulize yeye ni wa nani. Usinune.

Na utakapokuja, maana utakuja, usije chumbani kwangu usiku ukasimama kimya kama mgambo. Njoo Jumapili jua likiegemea. Ingia ukae kule nyuma kwenye magunia. Usimshike Edita mkono akiwa anabadilisha santuri, mwache amalize. Asipokuona, usilie. Wewe cheza.