Siku Ilipovunjika Akidi

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa mume wangu mdogo, Kiulizo,

Kabla ya lolote, u mzima? Unakula? Siulizi hivyo vitu vya kwenye boksi, nauliza chakula. Kile kifua kilichokuwa kikikubana kila baridi ikiingia kimekuachia, au mnaendelea kuishi pamoja kama mke na mume? Kama kipo, jifunike shingo. Huko ugenini uliko hakuna wa kukukemea, ndiyo maana nakukemea kwa barua.

Mimi nipo. Goti la kulia limenikataa kabisa, la kushoto bado tunaelewana. Jino langu la mbele lililokuwa limebaki peke yake nalo limehama wiki iliyopita, kwa hiyo siku hizi nikicheka watoto wa jirani wanacheka zaidi yangu. Cherehani inazunguka. Macho hayaoni tundu la sindano, lakini vidole vinalijua lilipo.

Mwandiko huu umeshautambua, na najua mkono wako umeshajiandaa kuichana karatasi. Tulia. Ni mwandiko wa Katibu wa chama chenu cha waandishi wa habari cha mkoa, yuleyule mama ambaye barua zake nne hukuzijibu. Mimi shule niliisikia ikipiga kengele tu, sikuingia, kwa hiyo nimemwita aketi hapa ukingoni mwa kitanda changu aandike ninachosema. Ameshataka kunirekebisha mara mbili. Nimemwambia marekebisho ayapeleke gazetini, hapa aandike nilivyosema.

Nina jambo kuhusu mjomba wako, Mungu amlaze anapostahili. Hapa nyumbani walitaka nilifukie pamoja naye. Nimejaribu, mwanangu, wiki saba nimejaribu. Limekataa kufukika.

Siku tulipomzika, yale maneno yako uliyoyatuma kwa simu yalisomwa mbele ya watu wote. Uliandika kwamba mjomba ndiye aliyekuokota mama yako alipofariki, akakubebesha kinasa sauti kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Hayo ni kweli, na kwa hayo nililia. Kisha ukaandika kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kutoogopa, na kwamba zile siku arobaini na moja ulizokaa mahabusu ulistahimili kwa kujua kwamba nje yupo mtu mmoja asiyeyumba. Watu wakatikisa vichwa. Waandishi wazima, wanaume wenye mvi, wakafuta macho. Mimi niliinamisha kichwa nikahesabu maua ya kanga yangu, kwa sababu nilikuwa najua.

Nilikuwa najua tangu siku nane kabla hajafa.

Alikuwa amelala kule hospitali, kitanda cha dirishani, mbavu zinahesabika. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kuchemsha maji. Akaniambia, mama, sogea. Nikasogea. Akaniambia mambo ya ile Alhamisi.

Unaikumbuka ile Alhamisi wewe kwa upande wa ndani ya nondo. Waliokukamata kwa ile habari yako ya maji machafu walikuwa wakisema wewe si mwandishi, ni mzushi mwenye kamera. Wakili akasema dawa yake ni ndogo: bodi ya chama itoe tamko lenye sahihi, kwamba huyu ni mwanachama wetu na kitambulisho chake ni halali, na Ijumaa anatoka. Bodi ikaitwa. Ijumaa wakili akakusomea karatasi iliyosema kikao hakikufanyika kwa kukosa akidi, na chini yake sahihi moja tu, ya Katibu. Ukaamini yeye ndiye aliyekufungia mlango. Nami niliamini hivyo. Nilimpita mwanamke huyu barabarani miaka miwili bila salamu, na mapazia ya ofisi yao niliyashona mimi.

Halafu hilo neno lenyewe. Siku ile nilipoambiwa tatizo ni akidi, niliuliza huyo Akidi ni nani, anakaa wapi, nimfuate nikampigie magoti. Mjomba wako ndiye aliyenieleza, bila kunitazama. Akasema akidi si mtu, mama, ni idadi ya watu wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe kikao. Kwenye bodi yao wako tisa, lazima wafike watano. Nikasema basi wamekosa aibu wote watano waliobaki nyumbani. Akanyamaza. Nilidhani ana uchungu kama wangu.

Kumbe walifika watano, mume wangu. Watano kamili. Mwenyekiti alikuwa safarini, mjomba wako kama makamu ndiye aliyekalia kiti. Tamko likasomwa, wakakubaliana, likachapwa palepale, wakaanza kupitisha karatasi. Sahihi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ilipomfikia yeye akasema ngoja nikanawe mikono. Akatoka. Akaingia msalani akafunga komeo, akafungua bomba.

Alikuwa amepigiwa simu asubuhi ile. Hakuniambia na nani, nami sikumlazimisha, maana wa namna hiyo siku zote ni sauti tu. Aliambiwa kwamba sahihi yake ikionekana, kiti chake cha uhariri kitakaliwa na mwingine kabla ya Jumatatu. Akanawa mikono mpaka sabuni ikaisha. Akasikia wenzake wakimwita ukumbini. Akasikia viatu vya Katibu vikija, akasikia mlango ukigongwa, na Katibu akasema, "Makamu, tunakusubiri wewe tu." Hakujibu. Alikaa mle saa nzima, kisha akapita mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya takataka, akarudi nyumbani akala chakula changu.

Na watano wakishakuwa wanne, kikao si kikao. Ndiyo sheria yao. Wale wanne wengine ambao hawakufika kabisa walipigiwa, hakuna aliyepokea simu. Yule wa redio, mcheshi yule, siku zake zote anaongea, siku ile hakuwa na sauti.

Sikumpiga mwanangu kibao kwa sababu alikuwa ameshalala. Angekuwa amesimama ningempiga. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama Katibu alijua. Akasema alijua. Akasema alimfuata kesho yake akamwomba afiche, akamwambia, mama yangu akijua atakufa.

Mimi nife kwa hilo? Nimezika mume, nimezika binti, sasa nimezika na yeye, na bado asubuhi naamka kubishana na muuza mkaa. Mtu mzima hafi kwa kuambiwa ukweli, anakufa kwa kuzungukwa. Lakini huyu mama wa watu akalibeba kwa ajili yangu, akaacha wewe umchukie na mimi nimpite kama nguzo ya umeme. Hapa anasita kuandika. Andika, mwanangu, usinikatie maneno.

Sasa, ningeweza kunyamaza. Mtoto akifa na aibu yake, mama anaweza kuikunja akailalia. Lakini wiki tatu baada ya mazishi, bodi ikaja hapa nyumbani. Walikuja sita, wamevaa vizuri, wakaketi kwenye ule mkeka wangu mrefu na soksi zao. Mwenyekiti akasema wameguswa sana na maneno yako, wameamua kuanzisha tuzo ya kila mwaka kwa mwandishi kijana wa mkoa, iitwe kwa jina la mjomba wako. Tuzo ya Ujasiri. Na kwamba watakuomba wewe uandike maneno yatakayochongwa kwenye kibao.

Mkwe wangu akalia kwa furaha. Binti zake wakakumbatiana. Mimi nikaomba maji.

Nilifikiria usiku na mchana. Sikuwa naifikiria tuzo, nilikuwa nakufikiria wewe umekaa huko kwenye chumba chako, umeinama unatafuta maneno mazuri ya kumwandikia. Na nikafikiria vijana watakaopewa hicho kibao, waende nacho nyumbani wakakiweke juu ya kabati, wakiamini. Nikasema hapana. Mwanangu nitambebea mengi, lakini hili silibebeshi watoto wa wenzangu.

Nikamwambia kwanza mkwe wangu, jikoni, peke yetu. Aliacha kukatakata vitunguu. Akasema, "Mama, wewe ni wa kumvua nguo mtoto wako kaburini?" Nikamwambia namvua ya kuazima. Hakunielewa, na simlaumu. Ana wasichana wawili wa kuwainua vichwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye kikao. Unakijua kile chumba: meza ndefu yenye mguu mfupi, chini yake wamekunja magazeti, viti tisa visivyofanana, picha za wenyeviti waliopita zimepangwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Mapazia yangu yamepauka. Walikuwa wamefika saba. Niliwahesabu kabla ya kukaa, siku hizi najua kuhesabu watu wa kikao.

Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Nilipofika kwenye habari ya bomba la maji, mmoja akavua miwani. Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mama, kwetu marehemu hasemwi vibaya." Nikamwambia, "Simsemi vibaya, baba. Namsema. Nimemzaa mimi, namjua uzito wake tangu ana kilo tatu."

Kisha nikawaambia na wao wasinitazame kama wameonewa. Siku ile viti vinne vilikuwa vitupu tangu asubuhi, na hakuna kati ya wenye viti hivyo aliyejifungia msalani. Mwanangu alau aliona aibu akajificha. Wao walikuwa majumbani mwao au safarini. Yule wa redio akatazama chini ya meza kama aliyedondosha kitu.

Katibu akainuka bila kuambiwa, akafungua kabati la chuma, akatoa faili. Lile tamko lipo, Kiulizo. Hakulitupa. Karatasi imeanza kugeuka rangi, sahihi nne, na chini yake mstari umeandikwa Makamu Mwenyekiti, mtupu. Mwenyekiti akachukua kalamu, nadhani kwa nia njema, akasema atatia sahihi yeye pale ili karatasi itimie. Nikamwekea mkono. Nikamwambia hapo paache kama palivyo, baba. Hapo ndipo mwanangu alipo.

Tuzo wameiacha. Badala yake wameandika tamko jipya, wote saba wametia sahihi, kwamba wewe ni mwanachama tangu siku ya kwanza, kitambulisho chako kilikuwa halali siku zote, na bodi inaomba radhi kwa kukuacha peke yako. Limetoka gazetini Jumatatu, ukurasa wa tano, chini ya tangazo la magodoro. Nimeambiwa ndivyo ilivyo, ukweli hukaa chini ya magodoro. Nimekutilia karatasi zote mbili kwenye bahasha hii, tamko la zamani na jipya. Zisome, sijui kuzisoma, lakini nimezigusa.

Mkwe wangu amehama na binti zake, wamekwenda kwa dada yake. Alichukua ile picha ya ukutani, msumari umebaki. Simsemi. Atarudi au hatarudi.

Nami usidhani nimemalizana naye. Jumapili nilikwenda kaburini nikang'oa magugu, nikamwambia nimeshasema, usinichukie. Nililia mpaka mlinzi wa makaburi akaniletea kigoda. Nampenda mtoto yule hata leo, pamoja na saa yake moja ya msalani. Alinitunza mimi, alikulea wewe, alikuuza wewe, na ni mtu yuleyule. Mimi sijui kumgawa nusu.

Sikuombi umsamehe. Mimi nimemsamehe kwa sababu nilimzaa, wewe hukumzaa, fanya utakavyo. Yale maneno uliyomwandikia, ukitaka kuyarudisha, niandikie uyarudishe, Katibu atanisomea, nami nitakwenda kumwambia pale alipo. Ukitaka yabaki, niandikie pia. Hata ukitaka kunitukana mimi kwa kukuambia, nitukane, nina masikio. Ila usikae kimya. Nyumba hii ilikuwa na mmoja aliyejua kukaa kimya na tumemzika.

Anakusalimu baba mkubwa wako, miguu imevimba ila mdomo mzima. Anakusalimu fundi viatu wa kona, anauliza kama huko wanashona soli au wanatupa. Binti za mjomba wako hawajui kama naandika, kwa hiyo nakupa salamu zao bila ruhusa yao, maana wanakupenda na watakumbuka kwamba wanakupenda. Na huyu anayeandika hajanituma nikusalimie. Nakusalimia kwa niaba yake, na hili usithubutu kulifuta, Katibu.

Mungu akupe watu watakaobaki kwenye viti vyao siku utakapowahitaji. Akufunike kifua hicho.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Bibi yako.