Vidonge vya Mbegu za Zabibu

Rwamgasa, Geita

Mke wangu mpenzi, Mama Kulwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kagongwa, wewe na mapacha wetu. Kabla hujaendelea kusoma, mpe mama yangu shikamoo yake. Doto ameacha kukohoa? Mimi ni mzima. Narudia tena, mimi ni mzima, maana najua ulichoambiwa.

Utingo wa lori la pamba amenifikishia ujumbe wako. Kumbe aliponiona hapa machimboni alirudi huko akatangaza kwamba nimekwisha, nimebaki mifupa, na siku hizi mtu akikonda hivyo kila mmoja anajua la kusema. Sasa kaka yako amekuja kukuchukua akurudishe kwenu, na wewe umemwomba angoje kwanza jibu langu. Ahsante kwa kuningoja, mke wangu. Sikufichi, nililia.

Sasa nisikilize, na ukitaka kucheka cheka tu.

Unalikumbuka tumbo langu nililoondoka nalo, lile lililokuwa likinasa kwenye mlango wa jiko lako mpaka nipite kiubavu, nawe ukisema utakuwa unanipakulia nje. Huku tumbo hilo lilinitesa. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ni jembamba sana mdomoni. Anayeshuka kuchimba anapata mgao wa mawe yenye dhahabu, anayebaki juu kuvuta kamba anaambulia posho tu. Nilijaribu kushuka, nikakwama kiunoni. Wakanivuta kama ng'ombe aliyezama kwenye tope, na kwa wiki nzima ikawa ndiyo hadithi ya kambi.

Basi nilipokwenda Geita mjini kununua tochi, dukani kwa Mama Salma, yule mama wa Kihindi anayeuza vifaa, nikaona chupa yenye picha ya Mzungu mwembamba anajipima kiuno. Nikauliza ni nini.

"Dawa ya kupunguza mwili hiyo, Baba. Imetengenezwa kwa mbegu za zabibu, imetoka Ulaya. Mimi mwenyewe natumia tangu mwaka jana."

Mama Salma mwenyewe alikuwa amekijaza kiti chote. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, nikanunua.

Alinisomea maelezo: kidonge asubuhi na jioni, maji mengi, na chakula cha jioni uache kabisa. Nilifuata vyote. Mwili ukapungua, suruali zikaanza kunivuka, nami nikawa naishukuru zabibu, tunda ambalo sijawahi hata kulionja. Nikashuka duarani, nikachimba, nikapata mgao wangu wa kwanza. Nilitamba kambi nzima!

Lakini wenzangu walikuwa wameacha kucheka. Mchana mmoja nikakuta sahani na kikombe changu vimewekwa kando, mbali na vya wengine. Iliniuma sana, na hapo na mimi nikaanza kuogopa. Sijawahi kutoka nje ya ndoa yetu, Mungu ni shahidi, lakini hofu ikishaingia haisikii sababu. Nikaenda hospitali nikapimwa damu. Jinsi nilivyosubiri majibu sitaki hata kukusimulia. Daktari akaniambia sina virusi vya Ukimwi. Nikatoka nje nikakaa chini.

Niliporudi nikamweleza yote Mama Zawadi, Msukuma mwenzetu anayetupikia hapa kambini. Akaweka mwiko chini.

"Baba Kulwa, yaani umelala njaa muda wote huu, halafu unashukuru mbegu? Ungekunywa maji matupu ungekonda vilevile, gete, kweli kabisa! Kaa hapa ule!"

Akaitangazia kambi nzima. Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu, na jioni hiyo sahani yangu ikarudi mkekani pamoja na zao. Nilikula mpaka jasho likanitoka. Vidonge vilivyobaki nilivimwaga, kuku wa Mama Zawadi wakavila vyote, na mpaka leo sioni aliyekonda.

Tumbo linarudi, mke wangu, na duara limeshanikataa tena. Nimerudi kwenye kamba. Hata hivyo mgao ule haukupotea, umeshageuka mabati ya nyumba yetu, na nitakuja nayo kwa lori la pamba litakaloondoka huku baada ya hili linalokuletea barua. Majibu ya hospitali pia ninayo. Kama moyo wako bado una wasiwasi, tutakwenda kupima tena, mimi na wewe pamoja. Sitakasirika.

Nisalimie jirani yetu fundi baiskeli, na mjomba wako anayechunga ng'ombe zetu. Wabusu Kulwa na Doto.

Na shemeji usimfukuze, ana haki ya kumhurumia dada yake. Mwambie asubiri nifike, asimame kwenye mlango wa jiko lako. Nikipita wima bila kugusa, afunge mizigo yako mwende, sitawazuia. Nikinasa, songa ugali mkubwa, tule na yeye.

Ni mimi mumeo, niliye njiani kuja kwako,
Baba Kulwa