Vidole vya Baba Kwenye Bomba la Nozeli

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe umfikishie wifi zake, na watoto uwabusu mashavuni. Sisi hatujambo, ila mama na mgongo wake, na mimi mikono inanuka dizeli hata nikila.

Barua yako nimeisoma. Unasema Baba amekususa, kwamba kila ukimpigia anaitika "sawa, sawa" halafu anakata, kwa hiyo nyumbani hukanyagi tena. Makubwa haya! Hebu kaa chini nikueleze.

Juzi lililetwa lori linalotoa moshi mweusi utadhani linachoma matairi. Mafundi wenzetu walishabadilisha chujio, wakabaki kushika tama. Baba akatoa nozeli zote, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya injini, akawa anazifunga moja moja kwenye mashine ya kupimia. Anakandamiza mkono wa mashine taratibu, macho kwenye geji, vidole viwili juu ya bomba. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba huku inalia kwa mtetemo. Moja ilifunguka mapema, ikachuruzika kama pua ya mtoto. Akaifungua, akaongeza washa nyembamba, kile kipete cha chuma, juu ya springi, akapima, akaitoa, akaweka nyingine, mpaka mshale ukagota pale anapotaka. Kaka, yule mzee ni fundi bwana! Lori liliondoka moshi huuoni.

Lakini kabla hajamaliza, umeme ulikatika, kompresa ikanyamaza, karakana yote kimya. Nikamwambia nikiwa nyuma yake kwamba hiyo sasa imelia vizuri. Hakugeuka. Nikamwita kwa sauti, wapi. Nilipomgusa bega alishtuka, akanitazama usoni, akajua kwamba nimejua.

Kaka, Baba hasikii. Simu yako anaipokea kwa sababu anaona jina lako, na hizo "sawa" ni za kubahatisha. Amekuficha kwa kuogopa utaacha kazi yako urudi kumshikia karakana. Akachukua mkono wangu, akaweka vidole vyangu kwenye bomba niusikie ule mtetemo, akasema, "Masikio yamestaafu, hivi bado viko kazini."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaniuliza, "Kaka yako huwa ananiambia nini?"

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Njoo umwambie mwenyewe, usimame mbele yake auone mdomo wako ukisema.

Mama anakusalimu sana, na mlango ni ule ule.

Ni mimi mdogo wako, wa benchi la nozeli.