Neno "Usije" Halikuwa la Mama

Dada Rehema,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote mpaka jana. Ule ujumbe ulioupata siku chache kabla ya Ramadhani, uliotoka kwenye simu ya Mama ukikwambia usije, Mama hakuusema. Niliuandika mimi. Mama alikuwa amelala.

Barua hii naituma kwenye grupu la ukoo, si kwako peke yako. Ataisoma Baba Mkubwa, watasoma shangazi zetu wawili na Bi Somoe mtani wetu, watasoma na binamu ambao huwa hawamalizi kitu kinachozidi mistari mitatu. Wiki iliyopita ulitukanwa humu, kwa hiyo na mimi nijulikane humu humu.

Kabla ya hayo nataka nikukumbushe Nachingwea. Ulikuwa unasoma sekondari huko na kukaa kwa Baba Mkubwa, na mimi nilikuwa naletwa kutoka kwetu Mbekenyera, Ruangwa, wakati wa likizo, nina miaka saba, naogopa hata kuomba maji. Kila Jumamosi ulinishika mkono ukanizungusha mjini kana kwamba tumeshuka nchi ya watu. Tulianza na mihogo ya kukaanga pale stendi. Tukaenda kwa yule mama aliyeuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye beseni la bluu, ukawa unanimenyea kwa sababu nilikuwa naung'ata na maganda yake. "Mji mpya unaujua kwa kuula," ulisema. "Ukiona mtu anakaa mji mwaka mzima anakula kwao tu, huyo bado hajafika." Nililiandika neno hilo nyuma ya daftari langu la hesabu.

Usiku wa Maulidi ulinisimamisha juu ya benchi nione wapiga dufu. Nilikuwa nimekula pilau kupita kiasi, nikakutapikia sketi ya shule. Shangazi alipouliza, ulimwambia umeteleza kwenye matope. Ulidanganya ili mimi nisichapwe. Mimi nilipokuja kudanganya, nilidanganya ili wewe uumie.

Ulipopata kazi ya maabara Maskati, Mama alitangaza mpaka kwenye foleni ya kisima. Picha zikaanza kuja kila Ijumaa, maana huko mapumziko yenu ni Ijumaa na Jumamosi. Ulitutumia soko la Matrah na taa zake. Ulitutumia nyama waliyoifukia shimoni siku mbili, ikafukuliwa laini mpaka mfupa unachomoka wenyewe. Ulipanda milimani wakati wa kuchuma waridi, ukapiga picha umezama maua mpaka kiunoni. Siku moja ulirekodi sauti: "Mama, muuza halwa wa hapa anasema Kiswahili cha Unguja. Kaniuliza natoka wapi, nikamwambia Ruangwa. Anasema, 'Ruangwa ndio wapi, Kongo?'" Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilimrudishia sauti hiyo mara nne. Akamwita jirani aje asikie, nikairudia mara ya tano.

Wakati huo uvimbe wa tumboni mwa Mama ulikuwa umeshaonekana. Ulikuwa hujui, kwa sababu kwetu mtu aliye mbali haambiwi ugonjwa. Anaambiwa "wazima wote," na mgonjwa akifa anaambiwa "kazidiwa, njoo." Mama mwenyewe ndiye aliyetukataza. "Msimwambie Rehema, ataacha kazi ya watu." Alikukataza kujua, na kila siku akategemea kwamba utajua.

Kazi ya kumhudumia ikawa yangu. Nilimwosha, nikabadilisha mashuka, nikapika uji. Baba alikuwa shambani, na mkono wa mwanamume haufai kwa mambo yale. Mama alikuwa hali tena kitu, lakini kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa, "Rehema kala nini huko?" Nilimsomea. Samaki wa kuchoma, wali wa zafarani, tende. Alikuwa anafumba macho na kutikisa kichwa, kama mtu anayeonja. Kijiko changu cha uji kikifika mdomoni, alikuwa anageuza uso.

Siwezi kukuficha, nilizichukia picha zako. Nilikuwa nazifungua jikoni kabla ya kumpelekea, natafuta kama kuna mahali umeuliza habari zangu. Uliniuliza mara moja. "Kidato cha tatu vipi?" Nilikuandikia ukurasa mzima juu ya kitabu nilichoazima maktaba. Ulinijibu kwa kidole gumba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilimwaga uji kwenye shuka nililolifua asubuhi. Jirani alikuwa amekuja kumwona mgonjwa, na Mama akamwambia, mimi nikiwa nimepiga magoti nafuta sakafu, "Huyu wangu wa vitabu hana mkono. Angekuwepo Rehema ningeshapona."

Jirani akacheka kidogo. "Basi mwite huyo Rehema."

"Rehema ana kazi. Huyu ndiye asiye na kazi."

Jirani akaondoka, Mama akalala, simu ikalia. Ulikuwa umeandika: "Mama, nimepewa likizo wiki mbili. Kwenye picha yako ya juzi nakuona umekonda. Nije sasa tufunge wote, au nisubiri Idd?"

Nilisoma mara tatu. Niliwaza utakavyoshuka na sanduku la magurudumu, Mama atakavyokaa kitandani mwenyewe, uji utakavyolika. Niliwaza nitakavyotumwa maji. Nikaandika: "Usije mwanangu. Mimi mzima. Ukija utanisumbua tu." Nikatuma, nikafuta ujumbe wako na wangu. Mikono haikutetemeka. Nasema hivyo kwa sababu kwenye vitabu mikono ya watu hutetemeka.

Mama alipoamka akauliza, "Rehema kasema nini?"

"Kasema ana kazi nyingi."

"Hata Ramadhani?"

"Hata Ramadhani."

Aligeukia ukuta. Halafu akasema, "Labda kanisahau sura." Nikamwambia anywe uji. Akanywa, Dada. Siku ile alimaliza bakuli zima, na mimi nilifurahi.

Kila siku baada ya hapo aliniuliza swali lile lile, na kila siku nilimjibu lile lile. Katikati ya Ramadhani ulituma picha za watoto wa huko wanaopita nyumba kwa nyumba na vikapu, wanaimba wapewe peremende. Uliandika, "Mama, wangekuwa wa kwetu wangepewa fimbo." Picha hizo sikumwonyesha. Hakuwa anaona tena. Alikufa kesho yake baada ya Adhuhuri, akazikwa kabla ya magharibi.

Baba Mkubwa akakupigia kwamba Mama kazidiwa, njoo. Alikuwa kaburini tayari. Ulifika siku ya tatu, ukaiona mikeka ya wanaume uani, ukaelewa kabla hujashusha sanduku. Nilikuwa mlangoni. Ulinikumbatia na mimi nikakaa kama gogo.

Na wewe pia una lako. Una macho ya maabara, uliona Mama amekonda, ukaambiwa ni mzima ukaamini siku ile ile. Jioni yake ulituma picha ya kamba wa kukaanga. Hukumpigia simu usikie sauti yake. Ungepiga mara moja tu, ningekamatwa.

Unakumbuka alichokifanya Bi Somoe mchana ule. Kwetu mtani hazuiwi msibani, na ukikasirika aibu ni yako. Alitandaza kanga katikati ya wanawake, akajilaza kama Mama, akaweka ndala sikioni kuwa simu. Kwanza akawa wewe: "Halo Mama, leo nipo sokoni nakula halwa, nimeshiba mpaka siwezi kupanda ndege." Watu wakacheka. Kisha akawa Mama, kwa sauti nyembamba: "Usije mwanangu, usije, ukija utanimalizia uji wangu."

Hakuwa anajua lolote. Alitunga tu, kama anavyotunga misibani kote. Wanawake walilala kwa kicheko. Shangazi mdogo alikuwa anajifuta machozi. Wewe ulicheka pamoja nao kwa sababu ndiyo desturi, nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha ukatoka, nikakufuata nyuma ya jiko. Ulikuwa umeshika ukuta.

"Mdogo wangu, Mama aliniandikia kwamba nitamsumbua. Nilimkosea nini?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi, tukiwa wawili tu, na majivu ya jiko na kuku. Nikakujibu, "Ugonjwa ulikuwa unamfanya aseme ovyo." Ukatikisa kichwa pole pole, ukanishukuru. Ulinishukuru kwa kumtunza.

Tangu urudi Maskati hatujaona picha hata moja. Sikudhani ningezitafuta, lakini Ijumaa natazama simu. Halafu wiki iliyopita Baba Mkubwa akatangaza humu kwamba hitima ya Mama itasomwa baada ya mavuno ya ufuta, nawe ukaandika: "Msinihesabu. Mama mwenyewe alisema nisije, na mimi sirudi tena huko."

Waliokujibu wanajijua. Shangazi mkubwa aliandika kwamba Uarabuni kumekuharibu. Mwingine akasema mtoto anayekataliwa na mama yake mgonjwa lazima ana la kwake analolijua. Nilisoma yote kwenye simu ya Mama niliyobaki nayo, chini ya dawati, kipindi cha Jiografia. Nilisubiri mtu mmoja akutetee. Hakutokea, na aliyekuwa na maneno ya kukutetea alikuwa mimi.

Kwa hiyo shikeni hili nyote. Mama hakumkataa Rehema. Alimwita mpaka ulimi ulipokuwa mzito. Aliyemkataa ni mimi.

Sikuombi msamaha kwa sababu ukinisamehe leo utakuwa unanifanyia kazi yangu nyingine. Nakuomba uje kwenye hitima. Ukifika usinisalimie kama hutaki. Kaa mahali pa Mama, kichwani pa mkeka, mimi nitakuwa kwenye vyombo.

Jana asubuhi nilimkuta Baba anakung'uta ufuta juu ya turubai. Nikachukua mganda, nikaugeuza kichwa chini, nikakung'uta naye, mpaka rundo la kwanza likaisha. Kisha nikamwambia. Aliniuliza kitu kimoja, "Alipokuwa anauliza kila siku Rehema kasema nini, wewe ulikuwa unajua kwamba alitaka kuja?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Hakunipiga. Alinituma nilete simu ya Mama, akatoa laini, akaifunga kwenye kona ya kitambaa chake, akasema, "Kwa namba hii hutamwandikia mtu tena. Kamwambie kwa jina lako." Nikaingia ndani nikaandika haya mpaka wino ukabadilika rangi, kama utakavyoona kwenye ukurasa wa tatu. Mistari hii ya mwisho naiongeza leo, baada ya kutoka nikamsomea yote, hata yanayomhusu yeye. Alisikiliza huku anapepeta. Nilipomaliza alijifuta mikono, akanipa simu yake, nikapiga picha kurasa moja moja; huu wa mwisho naupiga sasa.

Kaa salama huko, Dada.

Mdogo wako