Shamba Lako Limelimwa la Kwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia moyoni, basi tuendelee, maana nina habari isiyoweza kungoja. Shamba lako limelimwa! Limelimwa kesho yake tu baada ya mvua ya kwanza, kabla ya shamba lingine lolote hapa kijijini.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasubiri? Mvua ikinyesha, unatoa mbegu unaziweka kwenye ungo, kisha tunakaa kusikiliza maksai wa Mzee Masanja, jirani yetu, wakilima kwake, halafu kwa kaka zake, halafu kwa mashemeji. Baba alikuwa ameshafariki na sisi hatukuwa hata na ndama. Plau ikitufikia, ardhi imeanza kukauka. Mahindi yetu yalitoa mbelewele wenzetu wakiwa wameshachoma na kula ya kwao. Hukumlaumu mtu. Ulisema tu, "Kabula mwanangu, shamba la mjane hulimwa na ng'ombe waliochoka." Nilikuwa mdogo, lakini neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa sato.

Kwa hiyo nilipopata pawatila, kitrekta cha kuongoza kwa mikono, safari ilikuwa moja tu: kukipakia kwenye kigari cha kirikuu, daraja la Busisi, mpaka mlangoni kwako. Ulikuwa umeshaanza kuumwa. Ulitoka polepole, ukaizunguka ile mashine kama unayekagua ng'ombe wa mahari.

"Sasa hii inakula nini?"

"Dizeli, mama."

"Na haina pembe. Itatutii kweli?"

Nikaiwasha, ikanguruma, tukaenda vizuri hadi mwisho wa shamba. Hapo nikasahau klachi kabisa, nikaanza kuipigia kelele, "Simama! Wewe, simama!" Nayo hiyoo, mpaka ndani ya ua wa minyaa. Ulicheka hadi khanga ikakudondoka begani. "Mwanangu, hiyo haina masikio!" Ukajifuta machozi, ukanishika mkono. "Mvua ikija, nisiwe wa mwisho tena."

Mvua imekuja, mama, wewe hukuingoja. Asubuhi ile nililia nikiiwasha, sikufichi. Lakini udongo ulipoanza kugeuka, mweusi, ukiwa na unyevu wake wote, machozi yalikauka yenyewe. Nilijiona mkubwa. Nilitamani kila aliyewahi kupita akituona tumekaa na ungo wetu apite tena aangalie.

Na alipita mmoja. Mzee Masanja alisimama kwenye minyaa, kofia mkononi. Maksai wake wamezeeka, kama yeye.

"Mabinti wa siku hizi mna mambo," alisema. "Basi kesho uje kwangu."

"Shikamoo, baba. Nitakuja, ila nitaanza kwa Mama Shija, kisha kwa yule bibi wa kisimani. Mashine hii inaanza na wajane."

Aliangalia shamba lako kwa muda mrefu, nikadhani nimemkosea. Kisha akavaa kofia yake.

"Una haki, Kabula. Mama yako alisubiri sana."

Nitamlimia vizuri, usiwe na wasiwasi. Hata yeye, pamoja na yote, kila mwaka alikuwa anafika kutulimia.

Pumzika sasa, mama. Mbegu zako zimeshaingia ardhini, na leo anayesubiri ni Mzee Masanja.

Binti yako,
Kabula