Picha Alizopigwa Peke Yake

Nyakabanda, Nyarugenge,
Kigali.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Salvator,

Pokea salamu kutoka kwenye nyumba unayoijua, ile ya mlango wa bluu, ingawa safari hii hukupata muda wa kuuona mlango wenyewe. Natumaini mlifika salama Leicester, wewe na shemeji yangu Joselyne, na kwamba mgongo wako ulivumilia zile saa zote za ndege. Dawa za presha unameza, au umeziacha tena kwa kudhani umepona? Na baridi ya huko imeshaanza?

Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Mimi mwilini sina la kulalamikia isipokuwa macho. Mke wangu Béatha magoti yanamsumbua tangu siku ile aliyosimama jikoni kwenye sherehe yenu, asubuhi mpaka jioni. Mwanetu Régis bado yuko Gatsata, anatengeneza magari, naye hajambo.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu Buyenzi, tulipokuwa watoto wa wakimbizi kule Bujumbura. Na naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu kila neno langu unalijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Leo utasoma.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka picha za binti yenu Ishimwe za tangu miaka miwili mpaka kumi na mitatu, kwa ajili ya albamu ya harusi, kwa kuwa za miaka hiyo ninyi hamna hata moja. Mwishoni ukaongeza kwamba mnataka zile alizopigwa peke yake. Nitakujibu kuhusu picha, lakini kwanza utanisikiliza, maana siku yenyewe sikupewa nafasi ya kusema.

Mwezi wa kwanza ulinipigia simu ukaniambia kwamba mimi, kaka mkubwa, ndiye nitakayekuwa msemaji wa familia siku ya gusaba, siku watakapokuja kumposa binti. Ukasema watu wa Shyaka, mkwe wetu, walikulia Uganda, na marafiki wa Ishimwe watatoka Uingereza, kwa hiyo nijiandae kwa Kiingereza kidogo. Nilifurahi, sikufichi. Unakumbuka Kiingereza kilipoingia mashuleni nikiwa nimefundisha Kifaransa miaka ishirini, nikasukumwa kwenye kutunza stoo ya vitabu. Niliiapia lugha ile kwamba haitaingia kinywani mwangu. Kwa ajili ya Ishimwe nilimeza kiapo hicho.

Kila Jumamosi, kwa miezi sita, nilipanda mabasi mawili mpaka Kabeza kwa mwalimu mmoja anaitwa Phiona, binti mdogo kuliko Régis, aliyesomea Kampala. Siku ya kwanza aliniuliza ninataka kuanzia wapi. Nikamwambia nianzie kwenye "have", kwa sababu nimeliona kila mstari, mara ni kitenzi kamili, mara ni kisaidizi kinachotangulia kingine, na mimi sipendi kutumia chombo nisichojua kilikotoka. Alicheka. Akasema, "Mzee, hiyo neno iko na babu wa zamani sana. Tutamutafuta."

Tukamtafuta kweli. Mimi na Kifaransa changu na Kilatini cha seminari nilikuwa na hakika kwamba "have" na "avoir" ni ndugu, sura moja, kazi moja. Phiona akaniletea karatasi alizozitoa kwenye kamusi kubwa. Si ndugu kabisa, Salvator. Wamefanana tu. "Avoir" lilitoka kwenye "habere" ya Kilatini, na ukoo wa "have" uko kwingine, kwenye "capere", yaani kukamata, kunyakua. Nilikaa na karatasi zile mkononi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hapo mwanzo "have" lilikuwa kushika kitu kikawa mkononi mwako. Baadaye likawa kumiliki, hata kama mkono uko mbali. Kisha watu wakaanza kusema kitu kama "nimeshika barua, imeandikwa", barua ikiwa mezani pao kweli, na pole pole kushika kukasahaulika, ikabaki kwamba wameandika tu. Ndiyo ikawa kisaidizi. Siku hizi mtu analitumia kwa kazi yoyote iliyokwisha, na hakuna anayemuuliza kama mkono wake ulikuwepo.

Nikaona hapo nimepata hotuba. Unajua msemaji wa gusaba anapimwa kwa ulimi wake. Nilitaka kuwaambia wakwe kwamba Waingereza, ili wawe na kitu, walianza kwa kukikamata, lakini sisi tuliokulia kwenye Kiswahili hatuna kitenzi cha namna hiyo, tunasema "kuwa na". Mtu ana mtoto, maana yake yuko pamoja naye. Ningewaambia basi, mchukueni binti yetu, lakini muwe naye, msimkamate. Phiona alinisahihisha matamshi mpaka akachoka. Béatha alinisikiliza jikoni bila kuelewa neno, akaniambia nasema vizuri kuliko mapadri.

Siku mbili kabla ya sherehe uliniita hotelini kwako. Nilikuja na karatasi zangu mfukoni. Ukaniambia, ukiwa bado unaangalia simu, "Mukubwa, wewe pumuzika tu. Tumekodi Norman, ni kijana wa kazi hiyo, iko na Kiingereza ya juu." Nikasema sawa. Nilijikaza nikanywa na ile chai yako. Ningekuwa mkweli ningeiacha pale mezani.

Kwenye sherehe tukakuta viti vya mbele vimeandikwa majina, yetu hayamo. Mimi nikakaa mstari wa tatu, nyuma ya wenzako wa kazini. Béatha akaombwa na Joselyne asimamie jikoni na vyombo vya maziwa, kwa sababu, alisema, yeye ndiye anayejua mambo ya kienyeji. Akavua mshanana wake, vazi la sherehe aliloliandaa kwa pasi tangu jana yake, akafunga kitenge, akaenda.

Halafu mzee Mutsinzi, msemaji wa upande wa Shyaka, akasimama akauliza swali la kawaida, tena kwa heshima. Alisema kabla hawajamchukua binti wangependa kuwasalimu waliomlea. Béatha alikuwa amechungulia mlangoni, taulo begani. Nilimwona anaanza kujifuta mikono.

Norman akachukua kipaza sauti akasema, "Her parents have raised her with so much love." Wazazi wake wamemlea kwa upendo mwingi. Akawaonyesha ninyi kwa mkono. Joselyne akasimama. Wewe ukasimama, Salvator. Nilingoja ugeuke nyuma. Watu walipiga makofi nikangoja bado, ukainamisha kichwa kuwashukuru, ukakaa.

Kama nisingejifunza, sentensi ile ingenipita juu ya kichwa kama zilivyonipita nyingine miaka yote. Lakini kila neno nililijua, na lile "have" nililijua kuliko Norman mwenyewe. Miaka kumi na moja, mdogo wangu. Mlipoondoka mwaka wa tisini na tisa mkatuachia mtoto, alikuwa bado anajikojolea. Surua aliiugulia kwetu, komunyo ya kwanza aliipokea akiwa kwetu, na hedhi ya kwanza aliipatia shuleni akamkimbilia Béatha analia kwamba anakufa. Sikuwa na haja ya makofi. Nilitaka Béatha asimame tu, watu wamwone, kisha arudi kwenye vyombo vyake akipenda.

Alipokuja kunipa soda aliniuliza, "Kale kajana kamesema nini, mbona umefanya sura hivyo?" Nikamjibu kwamba amewakaribisha watu chakula. Ndoa yetu ina miaka arobaini na moja, na sikumbuki kumdanganya kwa jambo kubwa kabla ya hilo. Mpaka leo hajui. Nimekasirika nawe kwa mengi, lakini zaidi kwa uongo ule ulionifanya niuseme.

Ishimwe mwenyewe simlaumu sana. Alipokuwa anatoka alimwona Béatha pembeni, akamkumbatia na nguo zake zote zile, akamwambia, "Mama Béa, nitakuja Jumatatu, nikule bugari yako." Mpiga picha akamvuta. Jumatatu Béatha alipika ugali, na jioni tukaula wenyewe. Nikasikia baadaye kwamba mlikuwa mmeshapanda ndege.

Sasa picha. Tumetoa bahasha zote kabatini, tukazipanga juu ya kitanda. Ziko thelathini na moja. Nimezipitia mara mbili, mara moja kwa miwani na mara moja bila miwani, na hakuna hata moja ambayo Ishimwe yuko peke yake. Kila alipopigwa picha Béatha alikuwepo, amembeba, amemshika mkono, anamfunga kiatu, au amesimama nyuma yake. Huyo mtoto alikuwa haendi popote bila yeye.

Sijui aliyesema "peke yake" ni Ishimwe au ni wewe. Namwomba Mungu iwe ni wewe, maana wewe nimeshakuzoea.

Nilipomweleza Béatha ombi lenu hakukasirika. Alikwenda mwenyewe kuleta mkasi wa cherehani. Akasema watu wa huko wanapenda vitu nadhifu, si vizuri albamu ya mtoto ijae mwanamke mzee na kitenge. Akaanza na ile ya komunyo. Akajikata uso, akajikata kiuno, taratibu kama anayekata kitambaa cha mteja. Alipofika begani kwa mtoto akasimama. Mkono wake uko pale juu ya bega, umeshika, na ukiukata unakata na bega la Ishimwe. Nikamnyang'anya mkasi. Zile nyingine thelathini zimerudi kabatini na hazitoki, labda Ishimwe aliyemo aje kuziona mwenyewe.

Nisalimie Joselyne. Msalimie Shyaka, kijana mwenye adabu, sina neno naye. Mkumbatie Ishimwe kwa niaba ya Mama Béa. Régis na watoto wake wanakusalimu, na Béatha anakusalimu kwa moyo mweupe kuliko huu wangu. Mungu awalinde, aipe ndoa ya watoto hawa watu watakaosimama karibu nayo.

Ndani ya bahasha utakuta picha moja, ile ya komunyo, iliyokatwa. Iwekeni kwenye albamu. Mtu akiuliza mkono ule begani kwa mtoto ni wa nani, jibu wewe mwenyewe, Norman usimwite.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata leo,
Jean-Berchmans