Zahanati Isiyoonekana Barabarani

Ramani ya Naomi imekubaliwa, dada. Zahanati inajengwa Machame na kuta zimeshafika madirishani. Naomi wangu, huyu huyu uliyekuwa ukimbeba mgongoni.

Sasa ndiyo nikusalimu: shikamoo. Miguu inaendeleaje? Na shemeji, kifua kimemwacha? Sisi huku kwenye mashamba ya miwa hatujambo. Baba Naomi bado yuko kiwandani, ananukia molasi hata kanisani.

Tangu amalize chuo, Naomi anachora ramani za majengo ya serikali hapa Moshi. Ofisini wanaume watupu, mwanamke ni yeye peke yake, na zahanati wamempa yeye. Sisemi kwa kujisifu, ila ndivyo ilivyo.

Kabla ujenzi haujaanza, nilipanda Machame kuona kiwanja. Dada, kule ni baridi, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Nikamwuliza, "Ghorofa litakaa wapi?"

Akacheka. "Hakuna ghorofa, mama. Wala hakuna mti utakaokatwa."

Akanionyesha kwenye karatasi: kuta za mawe ya mtoni, vyumba vinashuka kufuata mteremko, baraza imepinda kuupisha mringaringa mkubwa ili wagonjwa wakae kivulini. "Nimeiga tembe la babu kule kwenu, lile la paa la udongo," anasema. "Ukiwa mbali ulikuwa huioni nyumba, unaona ardhi tu."

Moyoni nikasema, nimsomeshe mtoto hivi, halafu jengo lake lisionekane hata barabarani?

Hapo ndipo nilipokosea. Kesho yake wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua. Naomi alipokwenda kuwapokea, nikaazima panga, nikafyeka ile mimea ya majani marefu iliyopangwa upande wa barabara, ili wakishuka garini waone kiwanja cha mwanangu. Nikajipongeza kwa kazi safi.

Kumbe ile ndiyo masale. Kwa Wachaga, sale ni mpaka wa shamba, uliopandwa na babu zao, na anayeukata amewatukana walio hai na waliozikwa humo. Shamba lenyewe ni la Mzee Elirehema, aliyekubali kutoa kipande chake kwa ajili ya zahanati. Alikuja, akasimama, akatazama. Naomi alipofika na wageni, alimwambia bila kupaza sauti:

"Waambie wageni warudi na karatasi zao. Kiwanja sitoi tena."

Naomi hakunigombeza. Machozi yalimlengalenga tu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mama mmoja jirani akaninong'oneza: kwao, aliyekosa akipeleka jani la sale kuomba radhi, ni lazima asikilizwe. Nikachagua jani katika yale yale niliyokata, nikalifunga fundo kama alivyonionyesha, nikalipeleka kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Panga nilishika mimi, mtoto hana kosa."

"Marahaba. Kwa nini ulikata?"

Nikasema kweli. "Nilitaka jengo la mwanangu lionekane."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Kwenu hakuna masale?"

"Kwetu tunazungushia miiba, mzee."

Mkewe akaanza kucheka, naye akafuata. Akalipokea jani. "Utayapanda wewe," akasema, "kwa mikono yako. Siyo huyo injinia wako."

Nimepanda siku mbili, dada, mgongo nausikia hadi leo. Naomi akafuta kwenye ramani ukuta wa tofali wa kuzunguka kiwanja, masale yawe ndiyo uzio wa zahanati. Wakubwa waliporudi walilipenda hilo kuliko yote, kwa hiyo ukifikiri vizuri, na mimi nimechora kidogo.

Naomi amemsimulia Mzee Elirehema habari za tembe la babu, naye ametoa sharti moja: siku ya kufungua anataka kuwaona watu wa mwenye tembe. Ndio ninyi hao. Nisalimie mama mkwe wako, na binamu yetu mwinjilisti. Na yule shangazi aliyesema msichana akisoma sana haolewi, msomee barua hii polepole.

Ni mimi mdogo wako, Mama Naomi. Mkifika msitafute jengo, masale yatakuwa yameshika na barabarani hamtaona kitu. Nitafuteni mimi, nitasimama pale na kitenge chekundu. Msimtume mtu mmoja awawakilishe. Njooni wote, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.